Majalada Yanapohama na Serikali

Jioni ya leo nataka tuzungumzie makaratasi ya serikali: majalada ya masijala, ripoti za polisi, barua za wakuu wa wilaya kwenda kwa wakubwa wao, kumbukumbu za vikao ambavyo wewe na mimi hatukualikwa. Serikali inapobadilika, macho ya watu huwa kwenye bendera, kwenye kiapo na kwenye orodha ya mawaziri wapya. Ni wachache wanaouliza majalada ya wizara yanalala wapi usiku ule. Na wengi wetu tumejenga imani kwamba utawala mbaya ukishaondoka na mzuri ukaingia, siri za aliyeondoka zitafunguka zenyewe, kwa kuwa anayeingia hana sababu ya kumfichia mwenzake. Historia ya miaka sitini hivi iliyopita haiungi mkono imani hiyo. Inaonyesha kwamba mabadiliko ya utawala kwanza huziweka nyaraka hatarini, na kwamba zile zinazosalimika humfikia raia pale tu anapokuwa na haki ya kisheria ya kuzidai, haki inayoweza kumbana hata kiongozi anayempenda.

Tuanzie Nairobi, miaka miwili na ushei kabla ya uhuru. Mei 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa maelekezo kuhusu makaratasi ambayo serikali za kikoloni hazikupaswa kuyakabidhi kwa warithi wao. Lisikabidhiwe jalada lolote linaloweza kuiaibisha serikali ya Malkia au serikali nyingine. Wala linaloweza kuwaaibisha polisi, wanajeshi, watumishi wa umma na watoa habari. Wala linalofichua vyanzo vya ujasusi. Wala lile ambalo mawaziri wapya wangeweza kulitumia isivyofaa. Pima mwenyewe upana wa maneno hayo. Kenya ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye hali ya hatari iliyodumu kuanzia 1952 hadi 1960, yenye kambi za kizuizini, vijiji vya kulazimishwa na hukumu za kunyongwa zilizotolewa kwa mamia. Katika nchi ya namna hiyo, ni jalada gani la usalama ambalo lisingemwaibisha mtu?

Utekelezaji wake ulikuwa wa kikarani kabisa, na hapo ndipo pa kutazama kwa karibu. Majalada yaligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la kurithiwa, yale ambayo waziri Mwafrika angeruhusiwa kuyakuta kabatini. Fungu la pili lilipigwa muhuri wa herufi W, na huko Kenya ilielekezwa kwamba lishikwe tu na afisa ambaye ni raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Muhuri wenyewe ulitakiwa kufungiwa mahali salama usipotumika, kwa sababu hata kujulikana kwamba kuna fungu la W kulihesabiwa kuwa ni kuvuja kwa siri. Jalada likiondolewa mahali pake, pengo lake lingeweza kuzibwa kwa jalada la bandia, ili karani atakayekuja asishtuke kuona namba imeruka. Yaliyopangiwa kuchomwa yalitakiwa yateketee, kisha majivu yake yavunjwevunjwe. Pasipowezekana kuchoma, yatiwe kwenye makasha yenye uzito na kuzamishwa baharini, kwenye kina kisicho na mkondo, mbali na pwani kadiri inavyowezekana. Kwa upande wa Kenya, majalada 1,500 hivi, yaliyojaza maboksi kama 300, yalinusurika moto na kusafirishwa kwa ndege kwenda Uingereza katika wiki za mwisho kabla ya tarehe 12 Desemba 1963. Umati ulioishangilia bendera mpya usiku ule ulikuwa unairithi serikali iliyokwisha kupekuliwa.

Kenya huru haikulala. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda idara ya Nyaraka za Taifa, na mwaka 1967 serikali ya Nairobi iliiomba London irejeshe makaratasi yaliyochukuliwa. Ikakataliwa. Maombi yalirudiwa baadaye bila mafanikio. Wakati huohuo majalada yenyewe yaliwekwa kwenye ghala la Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, na hatimaye yakawa Hanslope Park, eneo la serikali lenye ulinzi mkali huko Buckinghamshire. Hadhi yake kisheria iliachwa ielee. Hayakurudishwa kwa wenyewe, na hayakuingizwa kwenye daftari la nyaraka za umma za Uingereza, ambako yangepaswa kufunguliwa baada ya miaka kadhaa. Sasa hesabu nami, msikilizaji. Kati ya 1963 na 2011 madaraka ya London yalihama kutoka chama kimoja kwenda kingine mwaka 1964, 1970, 1974, 1979, 1997 na 2010. Mara sita. Waliingia watu waliokuwa wakiupinga ukoloni tangu ujana wao, wakaingia na watu waliousifu. Hakuna hata serikali moja kati ya hizo iliyofungua ghala lile kwa hiari yake.

Kilicholifungua ghala ni mnyororo wa mambo ulioanzia Nairobi na kuishia mahakamani London. Chini ya Jomo Kenyatta na Daniel arap Moi, Mau Mau, vuguvugu lililopigana na wakoloni wakati wa hali ya hatari, liliendelea kuhesabiwa kuwa chama kilichopigwa marufuku, kwa tangazo lililoachwa na wakoloni. Kumbuka hilo unapofikiria kwamba uhuru ulifungua kila kitu. Wazee waliopigania ardhi hawakuweza kusajili chama kwa jina la vita vyao, na serikali iliyokuwa imejaa watu waliosimama pande zote mbili za vita hivyo haikuwa na haraka ya kuchimbua nani alikuwa wapi. Uchaguzi wa Desemba 2002 ulimwingiza Mwai Kibaki madarakani, na mwaka 2003 marufuku ile ikaondolewa. Wazee wakapata chama kilichosajiliwa, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ikasaidia kukusanya ushahidi wao, na mwaka 2009 kesi ikafunguliwa katika Mahakama Kuu ya Uingereza kwa niaba ya wazee watano walioteswa. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett waliingia kama mashahidi wataalamu. Mdaiwa katika kesi ya Uingereza ana wajibu wa kuonyesha nyaraka alizonazo zinazohusu shauri, na serikali ilipobanwa na wajibu huo ikakiri, mwanzoni mwa 2011, kwamba Hanslope Park kulikuwa na majalada 8,800 hivi kutoka makoloni 37. Sehemu ya kwanza ya majalada hayo iliwekwa wazi katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, Aprili 2012. Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama bungeni akaeleza masikitiko ya serikali yake na kutangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Mtu ataniambia: huoni kwamba mfano wako unakupinga? Kama si uchaguzi wa 2002, kesi isingekuwapo; kwa hiyo ni mabadiliko ya kisiasa yaliyofungua majalada. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Uchaguzi ule uliwapa wazee nafasi ya kusimama mlangoni. Lakini Kibaki hakuwa na uwezo wa kufungua ghala la Buckinghamshire, na aliyekuwa nao hakutaka. Kilichogeuza nafasi kuwa karatasi mkononi ni kanuni ya mahakama iliyokuwapo kabla ya kesi na isiyojali ni chama gani kinatawala. Iondoe kanuni hiyo, ubaki na marais wema wote unaowataka, na majalada yangekuwa Hanslope mpaka leo.

Lipo pingamizi jingine, ambalo husemwa kwa sauti ya chini kwa sababu lina harufu ya dharau: kwamba Waingereza kwa kuyachukua waliyaokoa, maana yangebaki Nairobi yangeliwa na mchwa au yangechomwa na watu wa serikali mpya wenye mambo yao ya kuficha. La mchwa halina uzito. Nchi iliyotunga sheria ya nyaraka ndani ya miaka miwili ya uhuru ilikuwa imeonyesha nia. La wenye mambo ya kuficha nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu ni kweli kwamba watoa habari wa enzi ile walikuwa Wakenya, na baadhi yao walipanda ngazi baada ya uhuru. Ila dawa ya hatari hiyo ingekuwa nakala mbili, moja Nairobi na moja London, zote zimeorodheshwa. Anayeiokoa nyumba ya jirani na moto hazuii jirani asijue vyombo vyake vimewekwa wapi.

Ujerumani Mashariki inatuonyesha upande mwingine wa jambo hilihili, nchi ambamo raia waliwahi makabati kabla hayajamalizwa. Ukuta wa Berlin ulifunguka Novemba 1989, na watumishi wa Stasi, idara ya usalama wa taifa, wakaanza kuharibu majalada. Tarehe 4 Desemba raia wa mji wa Erfurt, wakitanguliwa na wanawake, waliikalia ofisi ya Stasi ya kwao. Miji mingine ikafuata, na tarehe 15 Januari 1990 umati ukaingia makao makuu ya Berlin. Ndani walikuta magunia. Mashine za kukatia karatasi zilikuwa zimezidiwa, maafisa wakawa wanararua kwa mikono, na vipande vikajazwa katika magunia yapatayo 16,000, ambayo kwa miaka mingi baadaye watu waliketi mezani wakiviunganisha kipande kwa kipande. Makaratasi mazima yaliyonusurika yanafikia kilomita 111 za rafu. Hata hivyo ushindi wa umati haukutosha. Mkataba wa kuziunganisha Ujerumani mbili ulipokuwa ukikamilishwa mwaka 1990, wakubwa wa Bonn, makao ya serikali ya Ujerumani Magharibi, walitaka majalada yawekwe chini ya taratibu za kawaida za nyaraka za shirikisho, ambazo zingeyafunga kwa miaka mingi. Bonn, nakukumbusha, ilikuwa serikali ya kidemokrasia, adui wa Stasi kwa miaka yote. Ilibidi wanaharakati waingie tena katika jengo lilelile Septemba 1990 na kugoma kula ndipo suala lile likaachwa wazi. Sheria ilipitishwa Desemba 1991, na kuanzia Januari 1992 kila mtu aliyepelelezwa alikuwa na haki ya kusoma jalada lake. Zaidi ya maombi milioni 3 ya watu binafsi yameshapokelewa tangu hapo.

Kwa sisi wa pwani hii, habari ya Stasi haiko mbali kama inavyoonekana. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 iliitambua Ujerumani Mashariki mapema kuliko nchi nyingine za Afrika, na washauri wa Stasi walikuja kuwafundisha kazi watu wa usalama wa visiwani. Anayetaka kujua washauri hao waliandika nini kwenda kwao atakumbana na uamuzi wa mapema 1990, pale kitengo cha ujasusi wa nje cha Stasi kiliporuhusiwa kujivunja chenyewe na kuharibu sehemu kubwa ya makaratasi yake. Ruhusa hiyo ilipita mbele ya kikao cha mashauriano kilichoitwa Meza ya Duara, ambako wapinzani wa utawala wa zamani nao walikuwa wamekaa. Wiki chache za mashauriano Berlin zimeacha pengo ambalo mtafiti wa Unguja hawezi kulijaza.

Hapo ndipo husikika lile neno letu la hekima, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wenye hoja hii husema kwamba kufungua majalada ya usalama ni kuchochea visasi: mtu atasoma jina la jirani aliyemchongea, na kesho kutakuwa na maiti. Hofu hiyo si ya kipuuzi, na huko Ujerumani ilisemwa kwa sauti kubwa kabla ya 1992. Visasi vya damu vilivyotabiriwa havikutokea. Ndoa zilivunjika, urafiki ulikufa, wanasiasa walijiuzulu. Hayo yalikuwa machungu, lakini yalibebeka. Na yalibebeka kwa sababu sheria ilipanga nani asome nini. Aliyepelelezwa alipata kujua afisa na mtoa habari waliomhusu, huku majina ya watu wengine walioonewa yakifutwa kwa wino mweusi kwenye nakala anayosomeshwa. Hatari ya kweli ya visasi hukaa kwenye uvumi na kwenye orodha zinazovujishwa usiku na mwenye hila, maana huko hakuna anayemlinda asiye na hatia.

Mahali palipofunguliwa kwa amri ya mtu, pamefungwa kwa amri ya mtu. Agosti 1991, baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa Moscow, Boris Yeltsin aliamuru nyaraka za Chama cha Kikomunisti na za KGB zihamishiwe kwenye idara za nyaraka za serikali. Oktoba 1992 Poland ilikabidhiwa nakala za hati zilizothibitisha kwamba mauaji ya maafisa wake huko Katyn mwaka 1940 yaliidhinishwa na uongozi wa juu wa Kisovieti. Ilionekana dunia imegeuka. Uchunguzi wa Kirusi juu ya Katyn ulipofungwa mwaka 2004, kati ya mabuku yake 183, mabuku 116 yalifanywa siri. Na Desemba 2021 Mahakama ya Juu ya Urusi iliamuru kuvunjwa kwa Memorial, jumuiya iliyokuwa ikikusanya majina ya waliouawa na kufungwa enzi za Stalin. Marekani nayo, yenye sheria ya 1978 inayosema nyaraka za rais ni mali ya umma, haikusalimika na mchezo huu: George W. Bush alibana ufunguaji wake kwa amri ya Novemba 2001, na Barack Obama akaifuta amri hiyo siku moja baada ya kuapishwa, Januari 2009. Unaweza kushangilia ya pili. Mimi naiona kuwa ni ya kutia wasiwasi vilevile, kwa kuwa karatasi moja iliyotosha kufungua itatosha kufunga.

Afrika Kusini huwa inatajwa kama nchi iliyofanya vizuri, na kwa mengi ilifanya vizuri. Lakini mwaka 1993, wajumbe wakiwa Kempton Park wakijadili katiba ya mpito, idara ya ujasusi ya taifa iliteketeza nyaraka zake kwa tani. Tume ya Ukweli na Maridhiano baadaye ilitaja tani 44. Sheria ya kupata habari ilikuja mwaka 2000, nayo ni nzuri, ila haina la kufanya na majivu.

Sasa turudi kwetu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi imjibu ndani ya siku 21. Tanzania Bara ilipitisha sheria yake mwaka huohuo wa 2016, kwa siku 30. Ni hatua, na sitaki kuzibeza. Tatizo ni kwamba sheria za namna hii hufanya kazi juu ya jalada ambalo mwombaji anajua lipo. Uingereza ilikuwa na sheria kama hizo zilizoanza kutumika Januari 2005, na ghala la Hanslope likaendelea kufichika miaka sita zaidi, kwa sababu hapakuwa na daftari la umma ambamo mtu angeona namba na kichwa cha jalada akasema, nataka hili. Kanuni ya kufungua nyaraka baada ya miaka 30, ambayo nchi zetu zimeifuata, nayo huanza kuhesabu kwenye jalada lililoandikishwa. Lisiloandikishwa halitimizi miaka hata siku moja.

Kwa hiyo ningekuwa na nafasi ya kupendekeza jambo moja kwa wabunge wa eneo hili, lingekuwa dogo na la kikarani. Kabla ya kila uchaguzi mkuu, kila wizara, kila kamandi ya polisi na kila ofisi ya mkoa au kaunti iwasilishe kwa mkurugenzi wa Nyaraka za Taifa orodha ya majalada yake, hata yale ya siri, kwa namba na tarehe ingawa bila maudhui. Kuharibu jalada lililo kwenye orodha hiyo, kati ya kuvunjwa kwa Bunge na kuapishwa kwa serikali mpya, kuwe ni kosa la jinai. Watu wa usalama watasema orodha peke yake inafichua. Kichwa cha jalada kinaweza kufichua, ni kweli, na kinaweza kufunikwa. Namba haifichui kitu zaidi ya kwamba kuna jalada, na hilo ndilo hasa ambalo muhuri wa W ulitengenezwa kulificha.

Na iko haraka, kwa sababu siku hizi hata jalada lenyewe linapotea kabla ya kuzaliwa. Maagizo ambayo zamani yangeandikwa kwa barua, yakapokewa masijala na kupewa namba ya folio, leo yanatumwa kwa WhatsApp kutoka simu ya waziri kwenda simu ya katibu mkuu. Simu ni mali ya mtu. Siku anapoondoka ofisini anaondoka nayo mfukoni, na wala hahitaji ndege, tanuri wala kasha la kuzamisha baharini. Sheria zetu za kumbukumbu zinatambua maandishi ya kielektroniki, lakini hazijaweka utaratibu unaomlazimisha kiongozi aonyeshe kwamba mazungumzo ya kazi yaliyomo kwenye simu yake yamenakiliwa masijala kabla hajakabidhi ofisi. Utaratibu huo unaweza kuandikwa kwenye waraka wa watumishi wa umma wa kurasa mbili, na wakati wa kuuandika ni sasa, kabla hatujajua nani atashinda uchaguzi ujao.